Mtoto Anapobaleghe: Elimu ya Twahara na Afya Isiyofaa Kucheleweshwa

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyemuumba mwanadamu hatua baada ya hatua, akamtoa katika udhaifu wa utoto na kumpa nguvu za ujana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na maswahaba zake, wanaume na wanawake, ambao haya zao hazikuwazuia kuuliza jambo la dini yao.

Ama baad. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana wa miaka kumi na tisa baada ya Sala ya Isha. Alingoja mpaka watu wote wametoka msikitini, ndipo akasogea na kusema kwa sauti ya chini kwamba ana suala. Tangu alipoanza kuota usiku, yapata miaka mitatu nyuma, alikuwa akiamka, akibadilisha nguo, akitawadha na kwenda kusali. Hakuna aliyemwambia kwamba lile lilimwajibishia kuoga. Kijana huyu hakuwa mtoro wa chuo. Alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa za Qur'ani, na kitabu cha Safina alikisoma mwanzo hadi mwisho. Alama za baleghe alizitaja kwa Kiarabu bila kukosea hata herufi. Kisha akaniambia: "Sheikh, sikujua kama maneno yale yalikuwa yananihusu mimi."

Siku hiyo sikuweza kumlaumu. Nilijilaumu mimi na wenzangu tunaosomesha. Suala lake tutalijibu mbele, inshaallah. Kwanza tueleze baleghe ni nini katika sheria, mwilini kunatokea nini, na nani mwenye wajibu wa kumwambia mtoto kabla hayajamfika.

Maana ya baleghe na kwa nini sheria imeipa uzito

Asili ya neno hili ni Kiarabu, bulugh, yaani kufika. Katika istilahi ya wanavyuoni wa fiqhi, ni kufika mtoto mpaka ambao akiuvuka, akiwa na akili timamu, anakuwa mukallaf. Kuanzia hapo sala, saumu na hijabu zinakuwa faradhi juu yake mwenyewe, na mema na maovu yake yanaandikwa. Msingi wa hilo ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, ambayo maana yake ni kwamba kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Kalamu haingoji mzazi aone kwamba mwanawe amekua, wala haingoji mwalimu afike kwenye mlango huo katika kitabu. Inaanza kuandika siku alama inapotokea. Basi mtoto asiyefundishwa anaingia katika hesabu na hajui kwamba hesabu imeanza.

Na Qur'ani haikuliacha jambo hili. Katika Suratin-Nur, aya ya 58 na 59, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameamrisha kwamba watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya Sala ya Isha. Wakishabaleghe, wanatakiwa waombe ruhusa nyakati zote kama wakubwa wao. Basi mtoto anafunzwa adabu ya faragha tangu hajabaleghe, ili siku akibaleghe iwe ni kuongeza tu juu ya alichokwisha kukizoea. Kwa mpango huo huo Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, na watenganishwe malazi wakifika kumi. Sheria imemtayarisha mtoto miaka mingi kabla. Sisi ndio tunaochelewa.

Alama zake katika fiqhi

Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami, aliyefariki Batavia mwaka 1271 Hijria (1855), amezikusanya alama hizo katika Safina kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Nazo ni tatu.

Ya kwanza ni kutimiza miaka kumi na mitano, kwa mvulana na msichana. Ya pili ni kutokwa na manii, usingizini au macho, kwa mvulana na msichana, kuanzia umri wa miaka tisa. Ya tatu inamhusu msichana peke yake, nayo ni hedhi, kuanzia umri wa miaka tisa. Itakayotangulia kati ya hizi ndiyo inayohukumu. Msichana aliyeingia hedhi ana miaka kumi na moja ni mukallaf siku hiyo, wala haambiwi angoje kumi na mitano.

Katika umri wanavyuoni wamekhitalifiana. Kauli ya Imamu Shafi na Imamu Ahmad ni miaka kumi na mitano, na ndiyo kauli ya Abu Yusuf na Muhammad katika wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa. Abu Hanifa mwenyewe amesema kumi na minane kwa mvulana na kumi na saba kwa msichana, na iliyo mashuhuri kwa Wamaliki ni kumi na minane. Ama kuota nywele za sehemu za siri, Wahanbali na Wamaliki wameihesabu kuwa ni alama. Kwa Mashafi si alama ya kumhukumia mtoto wa Kiislamu, lakini ni dalili ya wazi kwa mzazi kwamba wakati wa kufundisha umefika.

Dalili ya miaka kumi na mitano ina kisa chake katika tarehe. Abdullahi bin Umar (r.a.) alihudhurishwa mbele ya Mtume (s.a.w.) siku ya Uhud, akiwa na miaka kumi na minne, hakuruhusiwa kupigana. Akahudhurishwa tena siku ya Khandaq akiwa na kumi na mitano, akaruhusiwa. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Wanafunzi huuliza: Uhud ilikuwa mwaka wa 3 Hijria na Khandaq mwaka wa 5, vipi baina yake uwe mwaka mmoja? Wanavyuoni wamejibu kwamba siku ya Uhud alikuwa ndiyo kwanza ameingia mwaka wa kumi na nne, na siku ya Khandaq alikuwa amekwisha kutimiza kumi na mitano. Nafi', huria wake Ibn Umar, aliisimulia hadithi hii kwa Umar bin Abdulaziz alipokuwa khalifa (99–101 Hijria). Khalifa akaona kwamba huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate katika kugawa posho.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui. Miaka hii ni ya mwezi, siyo ya cheti cha kuzaliwa. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kwa hiyo miaka kumi na mitano ya Hijria hutimia takriban siku 163 kabla ya miaka kumi na mitano ya kalenda ya kawaida, yaani mtoto akiwa na miaka kumi na minne na miezi sita na zaidi kidogo. Miaka tisa ya Hijria nayo ni sawa na miaka minane na karibu miezi tisa. Anayengoja siku ya kuzaliwa ya kumi na mitano ndipo amhimize mwanawe kufunga huenda amempotezea Ramadhani nzima.

Mwilini kunatokea nini

Matabibu wanaeleza kwamba mabadiliko haya huanzia kichwani. Wakati ukifika, ubongo huiamrisha tezi ndogo iliyo chini yake kupeleka homoni katika damu. Homoni hizo huziamsha korodani za mvulana na mifuko ya mayai ya msichana, nazo huanza kutengeneza homoni zake zinazougeuza mwili wa mtoto kuwa wa mtu mzima.

Kwa wasichana aghlabu huanza baina ya miaka minane na kumi na mitatu. Alama ya mwanzo kwa kawaida ni kuchipua matiti, wakati mwingine upande mmoja ukitangulia na kuuma kidogo, na hilo si maradhi. Hufuata nywele za kwapa na za siri, kurefuka kwa haraka, na ute mweupe. Hedhi ya kwanza, ambayo wazee wetu wameiita kuvunja ungo, huja kiasi cha miaka miwili hadi mitatu baada ya matiti kuanza. Basi mama amepewa taarifa mapema. Akiona kifua cha binti yake kimeanza kuchipua, ajue ana muda wa kumfundisha, na asiuache upite.

Kwa wavulana aghlabu huanza baina ya miaka tisa na kumi na minne. Korodani hukua kwanza, kisha nywele, kimo, sauti kuwa nzito, na chunusi usoni. Wako wavulana ambao kifua huvimba kidogo kwa muda, wenzao wakawacheka. Wengi wao hupona wenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Na kuota usiku ni jambo la maumbile. Halimpunguzii kijana nguvu, wala halina dhambi, kwani aliyelala kalamu imeondolewa kwake.

Moyo nao hubadilika. Kijana hukasirika upesi, huona haya, hupenda kukaa peke yake. Mzazi anayejua hili husubiri na humsogeza mwanawe karibu. Asiyejua hudhani mtoto ameharibika.

Anayopaswa kuyajua mvulana

Kijana wetu wa mwanzo alikosa elimu ya vitu vitatu: manii, madhii na wadii. Manii hutoka kwa kuchupa na kwa ladha, na ina harufu yake inayofanana na ya unga uliokandwa. Inawajibisha josho, na kwa Mashafi yenyewe ni twahara. Madhii ni maji mepesi, meupe, yanayotoka wakati wa matamanio bila kuchupa. Hiyo ni najisi, haiwajibishi josho, bali ni kuosha palipopatwa na kutawadha. Wadii ni maji mazito yanayotoka baada ya mkojo au kubeba kitu kizito, na hukumu yake ni kama ya madhii.

Akiamka akaona majimaji na akajua kuwa ni manii, ataoga hata kama hakumbuki ndoto. Akikumbuka ndoto na asione kitu, hana josho. Akishindwa kujua ni ipi katika hizo, madhehebu yetu yanamhiyarisha: aifanye manii aoge, au aifanye madhii aoshe na atawadhe. Wala asijitie katika wasiwasi.

Na asione haya kuuliza. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akitokwa na madhii sana, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa alikuwa mumewe Bibi Fatima. Hakunyamaza na suala lake. Alimtuma Miqdad amuulizie, akapata jibu. Mwenye haya kumuuliza baba yake amtume ami, kaka au mwalimu, lakini suala lisibaki tumboni.

Ama kujichezea kwa mkono, jamhuri ya wanavyuoni wameliharamisha, na Imamu Shafi amelitolea dalili katika aya za mwanzo za Suratil-Muuminun. Lakini tumwambie kijana kwa upole. Mtume (s.a.w.) alijiwa na kijana aliyeomba ruhusa ya zina, na maswahaba wakamkemea. Yeye alimsogeza karibu, akamuuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumuombea dua. Kijana akaondoka hana hamu tena na jambo lile. Na asiyeweza kuoa ameelekezwa kwenye saumu.

Anayopaswa kuyajua msichana

La kwanza ajue kwamba hedhi si ugonjwa, si mkosi, wala si dalili ya kosa alilolifanya. Bibi Aisha (r.a.) alipoingia hedhi njiani akienda Hija, mahali paitwapo Sarif, alilia. Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwamba hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, akamwambia afanye yote anayofanya mwenye kuhiji isipokuwa kutufu. Angalia jinsi lile neno la kwanza lilivyokuwa la kumtuliza, na hukumu ikafuata.

Mayahudi wa Madina walikuwa mwanamke akiwa na hedhi hawali naye wala hawakai naye nyumba moja. Uislamu uliikata tabia hiyo. Bibi Aisha amesimulia kwamba akiwa katika hedhi Mtume (s.a.w.) alikuwa akinywa mahali alipowekea mdomo wake, na akiegemea mapajani mwake akisoma Qur'ani. Basi nyumba ambazo msichana akiwa na hedhi anakatazwa kupika, au anatengewa sahani, zinafuata desturi ambayo Mtume wetu aliiondoa.

Katika madhehebu yetu, hedhi kwa uchache ni siku moja usiku na mchana, aghlabu yake ni siku sita au saba, na zaidi yake ni siku kumi na tano. Twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku kumi na tano. Itakayozidi hapo ni istihadha, ambayo Mtume (s.a.w.) alimweleza Fatima binti Abi Hubaysh kwamba ni mshipa, si hedhi, na haimzuii mtu kusali. Matabibu nao wanasema kwamba katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo hedhi haijapata mpango. Inaweza kuja baada ya siku ishirini na moja au hata arobaini na tano. Kwa hiyo msichana aandike tarehe zake katika daftari ndogo. Daftari hiyo itamsaidia katika sala na saumu zake, na siku akienda kwa daktari itamsaidia huko pia.

Katika hedhi hasali wala hafungi. Sala hazilipi, saumu huzilipa, kama Bibi Aisha alivyomjibu Mu'adha alipomuuliza sababu. Nimeulizwa na akina mama kuhusu mabinti waliofunga Ramadhani nzima hali wamo katika hedhi, kwa kuwa waliona haya kula nyumbani au waliogopa kuulizwa na kaka zao. Saumu hizo hazikusihi, na wanadaiwa siku zile. Familia inayojua haimuulizi binti kwa nini hafungi leo.

Ama usafi, pedi au sodo ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, na mapema zaidi ikijaa. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na maji safi na avianike juani, kwani kitambaa kinachofichwa chini ya godoro na kuvaliwa kibichi huleta maradhi. Kuoga wakati wa hedhi hakudhuru, na wanaosema maji baridi huzuia damu hawana dalili. Maumivu ya tumbo hupunguzwa kwa chupa ya maji ya moto na dawa ya kawaida ya maumivu. Kununua pedi ni katika nafaka ya baba kwa binti yake, kama chakula na nguo. Baba asingoje kuombwa, kwani binti huona haya kuomba, akakosa shule kwa siku hizo au akatafuta pesa kwa njia zisizofaa.

Josho lenyewe

Faradhi za josho kwa Mashafi ni mbili: kutia nia wakati wa kuanza kuosha mwili, na kueneza maji mwili mzima, ngozi na nywele. Sunna ni kuanza kwa kuosha mikono, kuondoa uchafu, kutawadha, kumimina maji kichwani mara tatu, kisha upande wa kulia na wa kushoto. Nywele zilizosukwa hazina haja ya kufumuliwa ikiwa maji yanafika ndani. Yasipofika, zifumuliwe.

Wasichana wengine huambiwa waingize maji au sabuni ndani ya utupu. Sheria haikuwajibisha hilo. Kinachooshwa ni kinachodhihiri anapochutama kukidhi haja, na kwa bikira ni chini ya hapo. Matabibu nao wanakataza, kwa kuwa sehemu hiyo hujisafisha yenyewe, na sabuni huvuruga kinga yake.

Katika mambo ya fitra, kuondoa nywele za siri na za kwapa na kukata kucha, muda uliowekwa katika hadithi ya Anas (r.a.) ni usipite usiku arobaini. Hapa ndipo mvulana afundishwe pia kwamba jasho lake limebadilika harufu, na asiende msikitini na shati la jana.

Wakati wa kwenda hospitali

Haya isimzuie mzazi kumpeleka mtoto kwa daktari akiona moja katika haya:

Msichana aliyeanza kuota matiti kabla ya miaka minane, au mvulana aliyeanza kubadilika kabla ya miaka tisa. Msichana aliyefika miaka kumi na mitatu bila dalili yoyote ya matiti, au kumi na mitano bila hedhi. Mvulana aliyefika kumi na minne bila mabadiliko yoyote. Hedhi inayozidi siku saba, au inayolowesha pedi kila saa, kwani inaweza kuleta upungufu wa damu. Katika hizo siku saba pasiwe na mkanganyiko: siku ya nane na ya tisa bado ni hedhi katika fiqhi yetu, na wakati huo huo ni sababu ya kumuona daktari. Msichana aliyekwisha kukua, hajaona damu, na kila mwezi anaumwa tumbo sana. Huyu huenda damu yake imezuilika ndani.

Na kwa mvulana liko moja la dharura. Akipatwa ghafla na maumivu makali ya korodani, huenda imejinyonga, na matibabu yake huhesabiwa kwa saa. Akicheleweshwa zaidi ya saa kama sita, anaweza kuipoteza. Wavulana huficha maumivu haya kwa haya. Mwambie mwanao mapema: ukiumwa hapo, niamshe hata usiku wa manane.

Nani afundishe, na lini

Hapo zamani pwani yetu ilikuwa na somo, mwanamke mtu mzima aliyechaguliwa kumfundisha binti anapovunja ungo, na kwa wavulana kulikuwa na jando. Lililo jema katika hayo ni kwamba mtoto hakuachwa peke yake. Lakini katika baadhi ya unyago kumeingizwa mambo ya kitandani yasiyo ya umri wa mtoto, na ngoma zisizo na heshima, huku josho na hukumu za hedhi zikisahauliwa. Tulirudishe lililo jema na tuliache lililo baya.

Wajibu wa kwanza ni wa wazazi: mama kwa binti, baba kwa mwana. Baada yao ni mashangazi, wajomba na bibi, kisha madrasa. Na wakati wake ni umri wa miaka minane au tisa, kabla ya alama. Walimu wa madrasa tukifika mlango wa twahara tuwatenganishe wavulana na wasichana, wasichana wapewe mwalimu wa kike, na tueleze kwa Kiswahili chepesi. Mtoto aulizwe: ukiamka ukaona hivi, utafanya nini? Akijibu kwa maneno yake, hapo amesoma.

Wako wanaosema kwamba kufundisha mambo haya ni kuondoa haya. Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akatanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke akiota analazimika kuoga. Akajibiwa: ndiyo, akiona maji. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya hazikuwazuia kuifahamu dini yao. Basi haya ya kisheria ni ile inayochagua maneno na mahali pa kusemea. Ile inayomfunga mtu mdomo mpaka mwanawe asali na janaba miaka mitatu ni udhaifu.

Katika kufundisha huko, mtoto afahamishwe pia kwamba mwili wake una aura. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumshika sehemu zake za siri wala kumwomba siri ya jambo hilo, awe jirani, jamaa au mwalimu. Likitokea, aseme, na akisema asikilizwe.

Baleghe na rushdi

Wengine wakisikia mtoto amebaleghe hudhani kila kitu kimefunguka. Katika Suratin-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa, kisha wakionekana kuwa na rushdi, yaani busara, ndipo wapewe mali yao. Sharti ni mbili, na baleghe ni moja yake. Ikiwa mali peke yake haikabidhiwi kwa baleghe tu, vipi tumkabidhi binti wa miaka kumi na mbili mimba na nyumba? Matabibu wanasema nyonga ya msichana huendelea kukua baada ya hedhi ya kwanza, na uzazi wa mapema unaweza kumletea uchungu wa muda mrefu na fistula. Na kanuni ya fiqhi yetu ni kwamba madhara huondolewa. Hedhi imemwajibishia binti sala. Haikumfanya mwili wake ukomae siku ile.

Jibu la kijana

Tumalizie na suala la yule kijana. Saumu zake ni sahihi, kwani imethibiti kwa Bibi Aisha na Ummu Salama kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipambazukiwa na janaba ya wakeze, kisha akaoga na kufunga. Ama sala, madhehebu yetu yanasema sala bila twahara haikusihi, hivyo akadirie zile alizosali na janaba na azilipe kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wake. Ibn Taymiyya na waliomfuata wameona kwamba asiyefikiwa na hukumu halipi yaliyopita, wakatoa dalili ya yule mtu aliyesali vibaya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimrudishia sala ya wakati ule wala hakumwamrisha kulipa za nyuma. Nilimweleza kauli zote mbili na nikamwambia kwamba mimi naona kulipa ndio usalama wake. Akachagua kulipa. Kila baada ya faradhi alikuwa akisali moja ya deni, mpaka akaniambia amemaliza.

Yeye amelipa deni lake. Deni letu sisi wazazi na walimu lingalipo, na kulilipa si kazi kubwa: ni mazungumzo ya nusu saa baina ya baba na mwanawe, au mama na binti yake, kabla ya siku kumfika. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awahifadhi watoto wetu, awape afya na twahara, na asitujaalie kuwa sababu ya kupotea ibada zao. Amin.